BREKI YA MKONO NI AMANA



Amesimulia Anas bin Malik, na hadithi imo katika mkusanyo wa Tirmidhi, kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume wetu (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na amtegemee Mwenyezi Mungu. Akaamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Leo ngamia wa wengi wetu ni motokaa, na kamba yake ni breki ya mkono. Lakini twaona motokaa ngapi ambazo kamba hiyo imekatika, na mwenyewe asema, "Si kitu, nitatia jiwe nyuma ya gurudumu"?

Yafaa tujue kwanza kazi yake. Katika motokaa nyingi, mkono uvutwapo, waya wa chuma upitao chini huvisukuma viatu vya breki vya magurudumu ya nyuma, navyo hubana dramu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 13-H yataka breki hii, peke yake, iishike motokaa ya abiria iliyojaa mzigo katika mteremko wa asilimia 20, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 5.

Wako wasemao kuwa gia yatosha. Haitoshi. Katika motokaa ya otomatiki kinachozuia ni kijino kidogo cha chuma ndani ya sanduku la gia, nacho kisipoingia barabara hapana kinachoshika. Mwezi wa Juni 2016, mjini Los Angeles, Marekani, mchezaji wa filamu Anton Yelchin, kijana wa miaka 27, aliuawa na motokaa yake mwenyewe iliyoserereka katika mteremko wa nyumbani kwake. Na katika nyua zetu, wachezao nyuma ya motokaa ni watoto.

Ama gharama, zina daraja. Waya uliolegea hukazwa tu, na kinacholipwa ni ujira wa fundi. Waya uliokatika au ulioliwa na kutu hununuliwa mpya. Viatu vilivyokwisha hubadilishwa kwa magurudumu yote mawili pamoja; na vikiwa vimelowa mafuta, sharti kwanza kuziba panapovuja, ama sivyo fedha zimepotea bure. Motokaa zenye kitufe badala ya mkono hutumia mota za umeme, nazo kwa kawaida ni ghali zaidi kutengeneza. Basi mwombe fundi afungue magurudumu akuonyeshe ubovu, mpatane bei kabla ya kazi, na umlipe bila ya kumzungusha, kwani Mtume (s.a.w.) alihimiza mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Aionaye bei hiyo kuwa kubwa, na aipime na hukumu ya kuua kwa kukosea iliyomo katika Suratun Nisaa, aya ya 92: diya kwa jamaa za maiti, ila wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. Naye atakaye kuiuza motokaa yenye breki mbovu na amwambie mnunuzi aibu yake, kwani kuificha ni udanganyifu.

Jiwe si breki, wala uvivu si tawakali. Mwenyezi Mungu atulindie watoto wetu na wa jirani zetu. Amin.