Hedifoni Nzuri ni Ipi? Chagua kwa Faida ya Masikio Yako

Siku moja alifika kwetu kijana mpiga kinanda wa kwaya. Alilalamika kwamba masikio yanamlia usiku kucha kama nyenje, na kwamba mazoezini hasikii vema waimbaji wa sauti ya kwanza. Tulimchunguza masikio: hapakuwa na nta iliyoziba wala usaha. Tulipomhoji alisema kuwa kwa miaka miwili amekuwa akisikiliza muziki ndani ya basi, asubuhi na jioni, kwa hedifoni za bei ndogo. Kwa sababu ya kelele za injini, alifungulia sauti hadi mwisho.

Sikio linaumiaje?

Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojikunja kama konokono. Humo mna seli ndogo zenye vinywele, kama 15,000 hivi kwa kila sikio, zinazopeleka sauti kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha, na ikidumu huziua. Zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba, ndiyo maana kijana wetu alianza kupotewa na sauti ya kwanza.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Ikifika desibeli 90, saa zinabaki 4 tu kwa wiki. Na ikifika 100, ni dakika 20. Kwa watoto, kipimo ni desibeli 75 kwa saa 40.

Basi, tuchague ipi?

Wengi wetu dukani hutafuta hedifoni yenye sauti kubwa. Hilo ni kosa. Hedifoni nzuri ni ile inayokuwezesha kusikia vizuri kwa sauti ndogo. Zingatia haya:

1. Izuie kelele za nje. Zinazofunika sikio lote hufanya hivyo vizuri. Zile ndogo za kuchomeka nazo hufaa, mradi mipira yake ilingane na tundu la sikio lako. Ikilegea, besi hupotea nawe utaongeza sauti. Zilizo wazi kwa nyuma zifae nyumbani penye utulivu.

2. Ijaribu kwa wimbo unaoufahamu. Weka sauti nusu. Je, maneno yanasikika? Besi haifuniki waimbaji? Pande zote mbili ni sawa? Hakuna mkwaruzo? Ukilinganisha mbili, ziwe na ukubwa mmoja wa sauti, kwa maana yenye sauti kubwa zaidi hudanganya sikio ikaonekana tamu zaidi.

3. Zipo zenye betri zinazopunguza kelele. Kipaza sauti kidogo hunasa mngurumo wa nje, na hedifoni hutoa sauti ya kuubatilisha. Zinasaidia sana ndani ya basi. Lakini usizivae unapotembea barabarani au unapoendesha baiskeli au pikipiki, maana hutasikia honi.

4. Isikubane. Ivae dakika kumi kabla ya kulipa. Ikiumiza hapo, itaumiza zaidi nyumbani.

Namna ya kuitumia

Hata hedifoni ya bei kubwa huua masikio ikitumiwa vibaya. Usivuke 60 kati ya 100 ya kipimo cha sauti cha simu yako. Pumzisha masikio mara kwa mara. Usilale nayo ikiwa inalia. Zile za kuchomeka usiazimane na mwenzako, na uzifute mara kwa mara. Sikio likitoa usaha, usichomeke kitu chochote; nenda ukatibiwe.

Dalili za hatari ni masikio kulia, kuhisi yamezibwa, au kuwaomba watu warudie maneno. Ukiziona, acha hedifoni na ufike hospitali upimwe. Usitie mafuta wala njiti.

Kijana wetu tulimpeleka kwa mtaalamu wa masikio. Kipimo kilionyesha kwamba sauti nyembamba zimepungua pande zote mbili, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Bado anapiga kinanda, na sasa anakilinda kile kilichobaki. Wewe ambaye masikio yako bado ni mazima, anza leo: punguza sauti kidogo kabla hujabonyeza wimbo unaofuata.