Gongo halimpashi moto mgonjwa

Kila kipupwe kinapoingia, ndugu wa wagonjwa wetu wa akili huku Nyanda za Juu Kusini huja na swali lile lile: "Daktari, hizi dawa zimempoza damu. Tumpe gongo kidogo apate joto?" Hapana. Hata kifuniko kimoja, hapana.

Kwamba dawa zinapoza mwili ni kweli. Klopromazini, haloperidoli, olanzapini na risperidoni huweza kushusha joto, hasa siku za mwanzo au dozi inapopandishwa. Huvuruga sehemu ya ubongo inayosimamia joto, na baadhi yake huizuia mishipa ya ngozi kujibana. Kabla klopromazini haijaingia wodi za akili za Paris mwaka 1952, Henri Laborit, daktari wa upasuaji, alikuwa akiitumia pamoja na kuwapoza wagonjwa wake kwa makusudi.

Sasa gongo. Mnywaji huhisi joto kwa sababu pombe hutanua mishipa ya ngozi, na damu ya moto kutoka kifuani na tumboni hukimbilia juu. Ngozi inawaka, ndani kunapoa. Ni kufungua madirisha usiku wa baridi kisha kufurahi kwamba kibarazani kuna joto. Na huyu wenu madirisha yake dawa imeshayaacha wazi! Pombe pia huzima kutetemeka, ambako ndiko mwili hutengenezea joto, hushusha sukari kwa asiyekula vizuri, na huongeza usingizi wa dawa hadi mtu alale shuka likiwa chini asijue. Anayesema "babu yangu alikunywa akapona" aniambie babu alimeza dawa gani.

Mpimeni. Kipimajoto cha zebaki huanzia nyuzi 35, kwa hiyo kikigoma kupanda msiseme kimeharibika. Cha dijitali kinachoshuka chini zaidi ni bora. Mvisheni nguo kavu, soksi, kofia, blanketi. Akiwa macho, chai ya moto yenye sukari. Jiko la mkaa lisiingie chumbani: hewa yake inaua. Msimkatie dawa kienyeji. Dozi tutaipunguza au kuibadilisha sisi, na tutapima tezi ya shingo na kutafuta maambukizi. Mzee aangaliwe zaidi. Chini ya 35, au akiongea kwa kuburura maneno, akiyumba, akiwa mgumu kuamka, ni hospitali usiku huo huo, na pakiti zote za dawa mje nazo.