Maumivu ya Siku za Kwanza za Kunyonyesha, na Namna ya Kuyapunguza

Kila mfuga ng'ombe anajua ya kuwa ndama asiyepata dang'a, yaani maziwa yale mazito ya kwanza, si rahisi kuishi. Anajua pia ya kuwa kiwele kisichokamuliwa kwa saa zake huvimba, hupata moto, na mwisho huugua. Lakini mambo haya ayaangaliayo sana zizini, mara nyingi mtu huyo huyo huyasahau mkewe ajifunguapo. Mama akisema kwamba matiti yanamwuma, huambiwa avumilie tu, au mume hukimbilia dukani kununua maziwa ya kopo. Njia zote mbili si nzuri, maana maumivu mengi ya siku hizo yana sababu ijulikanayo, na penye sababu hapakosi dawa.

Matengenezo yafaa kuanza kabla mtoto hajazaliwa. Wako wanawake wasuguao chuchu kwa kitambaa kigumu wakidhani zitakomaa. Kazi hiyo haina faida, tena yaweza kuichubua ngozi. Wala haifai kuosha chuchu kwa sabuni kila mara, kwa kuwa sabuni huondoa mafuta ambayo mwili wenyewe hutoa kuilinda ngozi. Mama mwenye chuchu zilizoingia ndani na amwambie mkunga mapema, lakini asikate tamaa, maana mtoto hanyonyi chuchu peke yake, hunyonya titi. Matengenezo yaliyo bora ni kumwomba mkunga wa kliniki amwonyeshe jinsi ya kumpakata mtoto, na kupatana nyumbani ni nani atakayeteka maji na kukata kuni katika majuma ya kwanza.

Shirika la Afya la Ulimwengu hushauri mtoto apewe titi katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Maziwa ya kwanza ni machache, mazito, na mara nyingi rangi yake ni ya manjano. Watu wengine huyamwaga wakidhani ni machafu, kumbe ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Uchache wake usimtie mtu hofu, kwa kuwa tumbo la mtoto mchanga nalo ni dogo sana. Akipewa maji ya sukari hushiba bure, hanyonyi vizuri, na matiti ya mama hubaki yamejaa.

Sababu kubwa ya chuchu kuuma na kupasuka ni mtoto kuishika chuchu tupu. Mama na amsogeze mtoto karibu, tumbo kwa tumbo, kichwa na mwili vikiwa katika mstari mmoja, na pua yake ielekee chuchu. Angoje mtoto apanue kinywa sana, ndipo amlete kwenye titi. Asilipeleke titi kwa mtoto. Akishika vizuri, kidevu hugusa titi, mdomo wa chini hupinduka nje, na sehemu kubwa ya weusi uzungukao chuchu huwa kinywani. Uchungu kidogo mwanzoni ni jambo la kawaida, lakini ukizidi kuendelea, mama asimvute mtoto kwa nguvu. Aingize kidole kidogo safi pembeni mwa kinywa chake, amwachishe taratibu, kisha aanze upya. Baadaye akamue matone machache ya maziwa yake, ayapake juu ya chuchu, na kuyaacha yakauke. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Namna mbaya ya kushika na isahihishwe siku ile ile.

Kwa kawaida kati ya siku ya 2 na ya 5 maziwa huja kwa wingi, na matiti yaweza kukaza hata mtoto akashindwa kushika. Dawa ya kwanza ni kumnyonyesha mara nyingi, mara 8 hadi 12 kwa mchana na usiku. Kabla ya kunyonyesha mama aweza kuweka kitambaa cha maji ya vuguvugu kwa dakika chache, akakamua kidogo kwa mkono mpaka titi lilainike. Baada ya kunyonyesha, kitambaa cha maji baridi hupunguza uvimbe.

Wengine huona tumbo likiwabana wanyonyeshapo. Hayo ni mji wa mimba unaojikaza kurudi mahali pake, jambo lisaidialo kupunguza damu, nayo huisha baada ya siku chache. Lakini titi likiwa na sehemu nyekundu yenye moto, na mama akaona homa na baridi, asingoje: aende hospitali, huku akiendelea kunyonyesha.

Kina baba nao wana sehemu yao. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba majuma mawili. Karani apewaye majuma hayo asiyapoteze sokoni. Amletee mkewe maji ya kunywa na chakula, amwondolee wageni wengi, na ampe nafasi ya kulala.

Faida yake ni kubwa. Katika uchunguzi wa afya wa Kenya wa 2008–09, watoto walio chini ya miezi sita walionyonyeshwa maziwa ya mama peke yake walikuwa 32 katika kila 100. Katika ule wa 2022 walikuwa 60. Waliobaki ni wengi bado, na wako miongoni mwao ambao mama zao walishindwa katika juma la kwanza, kwa maumivu ambayo yangalitulizwa kama mtu angaliwaonyesha njia. Basi yeyote aliyesoma maneno haya na awasomee walio nyumbani mwake.