Farasi, Pumzi na Mkono Usiogusa

Katika mashamba ya farasi ya Marekani na Uingereza umezuka mtindo ambao wengi wetu tungeucheka kabla ya kuusikiliza. Watu waliochoshwa na kazi hulipa ada, wakatandika mikeka malishoni, wakajinyoosha kwa mazoezi ya yoga huku farasi wakila nyasi kando yao. Kisha huja mponyaji akapitisha viganja juu ya mwili wa mtu, au wa farasi, pasipo kuugusa, akidai kwamba anaitengeneza nishati ya uhai iliyovurugika. Mteja hurudi kwake akiwa mwepesi wa moyo, na aghalabu huishukuru ile nishati.

Sikusudii kumkejeli mtu aliyeelemewa. Nimekaa darasani miaka ya kutosha kuujua uchovu wa mwalimu mwenye rundo la madaftari yasiyosahihishwa, na kuuona woga wa mtahiniwa katika juma la mwisho kabla ya mtihani. Ninalolipinga ni kuvitia kapu moja vitu vitatu ambavyo si vya namna moja: pumzi, farasi na mkono usiogusa.

Pumzi haina utata. Mapigo ya moyo hupungua kasi tunapotoa pumzi na kuongezeka tunapoivuta. Kwa hiyo anayeirefusha pumzi itokayo huutuliza moyo wake mwenyewe. Wahindi waliyafanya mazoezi haya karne nyingi kabla ya Umoja wa Mataifa kuitengea yoga siku yake, tarehe 21 Juni, kwa azimio la mwaka 2014.

Farasi je? Hapa pana kisa ambacho kila mwalimu angepaswa kukijua. Mjini Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, mwalimu wa hisabati aliyeitwa Wilhelm von Osten alikuwa na farasi, jina lake Hans, aliyesifika kwa kujumlisha na kugawanya. Alijibu kwa kupiga kwato chini, akakoma penye jibu. Mwaka 1904 iliundwa tume kumchunguza, nayo haikuona udanganyifu. Ndipo Oskar Pfungst alipojaribu jambo sahili mno: alitafuta muulizaji asiyejua jibu, na mara nyingine akamzuia farasi asimwone muulizaji. Hesabu zote zikamtoka Hans! Katika taarifa yake ya mwaka 1907, Pfungst alieleza kwamba muulizaji huinama kidogo akitazama kwato, na jibu likifika huinua kichwa kidogo tu bila kujua. Hans hakujua hesabu. Alijua kumsoma mtu. (Walimu wa shule za msingi wanajua kwamba hata watoto hulisoma jibu usoni mwao.)

Basi anayesimama mbele ya farasi akiwa amekaza mabega huweza kuona mnyama akishtuka, na akilegea huweza kumwona akitulia. Hilo ni funzo la kweli, na kazi hiyo ni ya macho na masikio ya farasi. Na faida ya farasi kwa wenye maradhi si ndoto: Lis Hartel wa Denmark, ambaye polio ilimpooza miguu chini ya magoti mwaka 1944, alirudi mgongoni mwa farasi akashinda nishani ya fedha katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952. Alisaidiwa kupanda na kushuka, lakini farasi alimwongoza mwenyewe.

Imebaki nishati. Aliyeupima uponyaji wa namna hii kwa njia iliyo wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, ni msichana wa shule huko Colorado, Emily Rosa, aliyekuwa na umri wa miaka 9 alipoanza jaribio lake. Aliwaketisha waponyaji 21 nyuma ya kadibodi, wakapenyeza mikono. Yeye alirusha sarafu, akauweka mkono wake juu ya mmoja wa mikono yao bila kuugusa, akauliza: ni upi? Katika majaribio 280 walipatia 123, yaani asilimia 44. Anayebahatisha tu angetarajiwa kupatia 140. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani.

Yamkini mtu atasema: mradi nimetulia, jina la dawa lina hasara gani? Hasara ipo. Anayeamini leo kwamba mkono ulioelea hewani ndio uliomtuliza, kesho ataupelekea kisukari chake au kifafa cha mwanawe, na vidonge vikae sandukuni. Zaidi ya hayo, pumzi ni yake bure. Kwa nini auziwe?

Vilabu vya sayansi shuleni vingeweza kulirudia jaribio la Emily jioni moja tu. Linahitaji kadibodi, sarafu, daftari, na mtu yeyote mtaani anayedai kuihisi nishati.