Sangara wa Sentimeta 42

Jamani, mapenzi hupimwa hata ziwani! Jumamosi moja mimi na mpenzi wangu tulikodi mtumbwi Mwanza, leseni za uvuvi mkononi. Nilishamwahidi mama kitoweo. Mara ndoano ikavutwa: sangara! Mwenzangu akatoa futikamba, akampima. Sentimeta 42. Akamrudisha majini, na hakuna aliyekuwa akituona. Nikanuna.

“Ziwa Victoria chini ya 50 hairuhusiwi,” akasema. “Wadogo hawajazaa, wakubwa ndio wazazi.”

Nanyi mkienda Kigoma, ulizieni tarehe kwanza: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wazaliane.

Jioni mama alichinja kuku. Mimi moyoni nikasema: huyu ndiye.