Kupima Ujuzi wa Utafiti Maktabani: Jedwali la Vigezo (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza mafunzo ya utafiti maktabani, yaani vipindi ambamo mkutubi huwafundisha wanafunzi namna ya kutafuta, kuchuja na kutumia maarifa yaliyomo vitabuni, majaridani na katika hifadhidata. Sehemu hii inaangalia namna ya kujua kama wanafunzi hao wamejifunza kweli. Mtihani wa kuchagua jibu huonyesha kile mwanafunzi anachokumbuka, lakini hauonyeshi iwapo ataweza kuifanya kazi yenyewe atakapokabidhiwa mada ya insha, na ndiyo maana wakutubi wengi wa vyuo vikuu vya Marekani hutumia jedwali la vigezo.

Jedwali hilo lina vigezo, ambavyo ni stadi zinazopimwa, na ngazi za ufaulu. Kisha katika kila kisanduku, pale kigezo kinapokutana na ngazi, huelezwa sifa za kazi inayostahili ngazi hiyo. Walimu wa Kenya wanaujua mpangilio wa namna hii kutokana na Mtaala wa Umilisi, ambao hupima kwa ngazi 4, kuanzia kuzidisha matarajio hadi kuwa mbali na matarajio. Nchini Marekani, jumuiya ya vyuo iliyoitwa wakati huo Association of American Colleges and Universities ilitoa mwaka 2009 jedwali lenye vigezo 5 vya umahiri wa habari: kubainisha habari inayohitajika, kuipata, kuihakiki, kuitumia kwa kusudi maalumu, na kuzingatia maadili na sheria katika matumizi yake.

Thamani ya jedwali imo katika maelezo ya visanduku. Katika kigezo cha kuhakiki vyanzo, maneno kama "vizuri" na "hafifu" hayamwongozi msahihishaji wala mwanafunzi. Maelezo yanayofaa husema kwamba mwanafunzi wa ngazi ya chini hutaja chanzo bila kueleza sababu ya kukiteua. Wa ngazi ya kati humtaja mwandishi na mwaka wa kuchapishwa, lakini hahusishi mambo hayo na hoja yake. Na wa ngazi ya juu huonyesha jinsi utaalamu wa mwandishi au upya wa takwimu unavyoipa hoja hiyo uzito.

Hata maelezo mazuri yanaweza kusomwa kwa namna tofauti. Mradi wa RAILS, ulioanza mwaka 2010 chini ya Megan Oakleaf wa Chuo Kikuu cha Syracuse, ulishughulikia suala hili kwa kuwakutanisha wasahihishaji katika usawazishaji, ambapo wote husoma kazi zilezile chache, kila mmoja hutoa alama peke yake, kisha hujadili walipotofautiana. Mmoja akitoa 3 na mwenzake 1 kwa insha ileile, hutazamwa kwanza kama maneno ya kisanduku yana utata, nayo hurekebishwa kabla ya kazi nyingine kusahihishwa.

Matokeo nayo yasomwe kigezo kwa kigezo, kwa kuwa jumla ya alama huficha udhaifu. Ikiwa wanafunzi wengi wanapata vyanzo lakini wanashindwa kuvihakiki, kipindi kijacho kipunguze mazoezi ya kutafuta na kiongeze ya kuhakiki. Jedwali lisilobadilisha ufundishaji halijatimiza kazi yake, hata kama limejazwa kwa uangalifu kiasi gani.