NJAA YA MOYO: TUWASAIDIEJE WAZEE WETU?

Umewahi kumwona nyanya au babu yako akila ilhali ameshiba? Labda ulicheka. Hata mimi nilicheka, kisha nikakasirika, na mwishowe nikafunzwa adabu. Hayo niliyofunzwa ndiyo ninayotaka kukugawia.

Babu yangu alifariki mwaka juzi. Likizo ya Agosti iliyofuata nilimkuta nyanya amebadilika. Kila kikombe cha chai alitia vijiko vitatu vya sukari, na kwa siku alikunywa vikombe vitano. Hesabu mwenyewe: vijiko 15! Bado mkate wa siagi saa kumi jioni na mandazi usiku. Na nyanya ana kisukari, tena anadungwa insulini. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isifike asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama vijiko 12 vidogo, na ikiwa nusu yake ni heri zaidi.

Basi nikajifanya daktari. Nikaficha mkebe wa sukari juu ya kabati na kumkemea, "Nyanya, kwani unataka kujiua?" Hakujibu. Siku ya tatu, nikifagia chumbani mwake, nikapata nusu mkate chini ya mto, umefungwa kwa leso. Aliponiona nao aliinamisha kichwa kama mtoto aliyeshikwa akidokoa nyama. Wallahi, siku hiyo aibu ilikuwa yangu, si yake.

Mhudumu wa afya wa kijijini alipokuja kumpima nyanya sukari, nilimsimulia yote. "Mwanangu," akaniambia, "njaa ni mbili." Njaa ya tumbo huja polepole, hukubali hata githeri baridi, na huisha mtu akishiba. Njaa ya moyo huja ghafla, hutaka kitu kimoja tu, kitamu au chenye mafuta, na haiishi hata tumbo likijaa. Huzuni na wasiwasi vikidumu, mwili huweza kutoa kwa wingi homoni iitwayo kotisoli, ambayo huchochea hamu ya vyakula hivyo. Utamu humliwaza mtu dakika chache, kisha majonzi hurudi palepale. Wazee wako hatarini kwa sababu wamepotewa na wengi: mwenzi amefariki, marafiki wanapungua, watoto wako mjini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, tufanye nini? Kwanza, tusiwakemee. Aibu humfanya mzee ale kwa siri, na cha siri hakipimiki.

Pili, tutafute saa na chanzo. Kwa wiki moja niliandika kila wakati nyanya alipotamani mkate. Kumbe ilikuwa saa kumi jioni, karibu kila siku! Hiyo ndiyo saa babu aliyokuwa akirudi kutoka kwa ng'ombe, wakanywa chai pamoja kwenye benchi. Nyanya hakuwa akitafuta mkate. Alikuwa akimtafuta babu.

Tatu, tuijaze saa hiyo. Nilianza kuketi naye benchini. Siku nyingine tulitembea hadi kwa jirani, siku nyingine alinisimulia ujana wao nikacheka hadi machozi. Mkate ulisahaulika, mara nyingi.

Nne, tusiwashindishe njaa. Mzee asipokula vizuri misuli yake hudhoofika haraka. Apate mlo kwa wakati wake, wenye maharagwe, mayai au maziwa, na mboga. Sukari ipunguzwe kidogo kidogo, kijiko kwa kijiko, kwa hiari yake.

Tano, tushirikiane na kliniki. Dawa nyingine huongeza hamu ya kula. Isitoshe, anayetumia insulini akishikwa na njaa ya ghafla, akatetemeka na kutokwa na jasho, huenda sukari yake imeshuka mno. Hiyo si njaa ya moyo! Apewe kitu chenye sukari mara moja, kama yuko macho na anaweza kumeza, kisha apimwe. Akizirai asilishwe chochote, akimbizwe hospitalini. Niliposikia hayo nilikumbuka ule mkebe juu ya kabati, mahali ambapo nyanya hawezi kufika, nikaingiwa na baridi. Niliyedhani namwokoa, ningeweza kumuua.

Mkebe ulirudi mezani siku hiyo hiyo. Sasa nyanya hutia kijiko kimoja. Siwezi kusema amepona, kwani siku ya kumkumbuka babu alikula mandazi matano, nami nikanyamaza nikamshika mkono. Shule zikifunguliwa, binamu yangu mdogo ndiye huketi naye benchini.

Msomaji mwenzangu, likizo yaja. Saa kumi ya nyanya yako ni ipi, na nani yuko naye? Nenda ukamwamkue. Wahenga hawakukosea waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwanachama, Kidato cha 3